Vepu Kwenye Mfuko wa Mwonja Chai

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi hapa dukani wazima, ila mguu mmoja wa kaunta umevunjika na nimeuwekea matofali, kwa hiyo ukisikia dada yako ameangukiwa na makava ya simu usishangae.

Naenda moja kwa moja. Najua hukuacha sigara. Wifi yangu anaamini uliacha miaka miwili iliyopita, na mimi nilikusaidia kumwaminisha, lakini kikohozi chako hakijui kudanganya. Ukinipigia unaziba simu kwa kiganja ukohoe pembeni. Mimi ndiye niliyekulea, nakusikia hata ukikohoa ndani ya mto.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vepu, sigara ya umeme, ndogo hata inapotea mkononi. Si zile za kuvuta na kutupa. Hii unaijaza mwenyewe: ina kichwa cha plastiki kinachobeba maji yake, wenyewe wanakiita podi, unakichomoa, unafungua kizibo cha mpira ubavuni, unatia, unarudisha. Inachajiwa kwa waya wa simu. Nimekuwekea chupa mbili, moja fleva ya tumbaku, moja ya mnanaa. Sisemi ni dawa. Nikotini ni nikotini hata ikivaa suti. Lakini haina kitu kinachoungua, na nataka kifua chako kipumzike.

Nami nina shida yangu. Msambazaji ananibana niweke oda kubwa, nijaze kaunta nzima. Wateja wananiuliza, "Dada, hii inafaa kwa matumizi ya kila siku?" Mimi sivuti, niwajibu nini? Wewe ndiye mwonja chai. Tangu mtoto ulikuwa unaonja maji unasema yametoka mtungi gani. Itumie mwezi mmoja kama mtu wa kawaida, kazini, njiani, nyumbani, kisha uniambie ukweli mtupu. Ukisema nzuri, naagiza. Ukisema takataka, namrudishia mwenyewe.

Niandikie barua, uiache ofisi ya vifurushi. Usiandike kwenye simu. Simu yako ni ya nyumba nzima.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Umeniumbua na sina la kubisha. Nilikuwa navuta nyuma ya ghala, tatu kwa siku, nne siku ya mnada, halafu natafuna majani mabichi ya chai kama mbuzi ili Bi Mkuu, msimamizi wetu waonjaji, asinuse. Unajua chumba chetu cha kuonjea kilivyo. Hakuna manukato, hakuna sabuni ya harufu, hakuna kitunguu, hakuna sigara. Siku ya kuajiriwa nilitia saini kwamba sivuti. Kwa hiyo nina watu wawili wa kuwaficha, mke na Bi Mkuu, na sijui ni yupi ninayemwogopa zaidi.

Haya, sikia tathmini. Nimeifanya kama tunavyofanya chai: kwanza tazama, kisha nusa, kisha onja, na usiseme "nzuri" bila kusema nzuri kwa nini.

Umbo: inaingia kwenye ngumi na hakuna anayeiona. Haina kitufe, unavuta tu inawaka, jambo zuri kwa mtu mwenye haraka na wasiwasi kama mimi. Uzito: mwepesi, ila si wa kitu cha bei rahisi. Mvuto: mgumu kidogo, unafanana na wa sigara, haukujazi mapafu hadi macho yatoke. Chaji: asubuhi mpaka jioni, nikiwa mchoyo mpaka kesho yake mchana. Kujaza: hapa kuna kazi. Kizibo ni kidogo, na vidole vyangu vimezoea kijiko, si sindano. Mara ya kwanza nilimwaga kidogo mezani. Kuna kidirisha cha kuonyesha maji yamebaki kiasi gani, lakini plastiki ni nyeusi, lazima uielekeze kwenye mwanga kama unatafuta funza kwenye embe.

Fleva ya tumbaku ni uongo mtupu, inafanana na kadibodi iliyolowa. Ya mnanaa ndiyo niliyoishika. Ni safi, baridi, haikwami kwenye nguo. Jana wifi yako ameninusa shingoni akasema, "Leo unanukia mswaki." Sijasikia sifa kama hiyo mwaka mzima.

Kazini naiweka kwenye mfuko wa aproni, ule wa mbele tumboni, pamoja na kijiko changu. Hapo ni salama kuliko benki. Kijiko cha mwonja ni kama mswaki wake, hakiazimwi, na hakuna anayetia mkono mfukoni mwako. Saa nne tukipumzika naenda nyuma ya ghala, navuta mara tano sita, narudi, nachomoa kijiko, naendelea.

Sijagusa sigara kwa siku sita. Asante, dada. Nasema kweli.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikicheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kama chaja ninazouza zina shoti. Siku sita! Nimemshukuru Mungu, kisha nimeogopa kushukuru mapema.

Msambazaji amekuja tena leo na karatasi ya oda. Nimemwambia asubiri, mtaalamu wangu hajamaliza.

Niambie na haya: koili, ule waya wa ndani unaopasha maji, inadumu siku ngapi kabla ladha haijaanza kuungua? Ikianguka inavunjika? Na je, inavuja? Naulizia tu. Ukiwa nayo mfukoni kutwa nzima, umewahi kuona unyevu wowote?

Nijibu upesi hilo la mwisho.

Dada yako


22 Machi

Dada,

Koili ya kwanza imefika siku kumi na moja, nikaibadilisha. Imeanguka mara mbili kwenye sakafu ya saruji, imechubuka pembeni tu. Kuvuja, hapana. Hata tone. Mfuko mkavu.

Wiki hii ilikuwa nzito. Jumanne tulikuwa na meza ndefu, vikombe sitini. Baada ya mapumziko nikaanza na fungu la kumi na nne, chai nzuri kabisa ya kuuzwa nje, kila kikombe na gunia lake. Kikombe cha kwanza tu, mnanaa! Nikatema. Cha pili, mnanaa. Cha tatu, mnanaa. Cha nne kidogo, cha tano hakuna. Nikasema magunia ya juu yameshika harufu na ya chini yamesalimika. Bi Mkuu ana mafua tangu Jumapili, pua imeziba kama bomba la jikoni, akaonja akasema hapati kitu. Lakini akasema, "Ulimi hajawahi kukosea." Ndilo jina wanaloniita.

Kanuni yetu ni kwamba chai yenye mashaka huonjwa tena kesho yake, na huonjwa ya kwanza, kabla mdomo haujachoka. Jumatano nikarudia, mbele ya meneja. Vilevile. Nikaandika kwenye ripoti: imeharibika kwa harufu ya mnanaa, chanzo ni ghalani.

Wakamkagua mtunza ghala. Unamkumbuka, nilikuhadithia, yule tunayemwita Mzee wa Funguo, jirani yetu wa mlango wa tatu hapa kwenye nyumba za kampuni. Miaka ishirini na saba ghala liko mikononi mwake. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo anajichua dawa ya mnanaa. Anasema hujichua nyumbani, kisha husimama nje kwenye upepo robo saa ndipo aingie. Kopo wamelikuta kwenye mkoba wa baiskeli yake getini. Alhamisi wakamnyang'anya funguo. Kikao chake ni tarehe 10 Aprili. Akifukuzwa, na nyumba wanaitaka.

Mimi nilifanya kazi yangu. Mwonja akianza kuonea huruma watu badala ya kuonja chai, auze maandazi.

Ile chupa ya mnanaa, imetengenezwa kwa kitu gani hasa? Naulizia tu.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Nianze na kosa langu, maana siwezi kukuuliza lako nikiwa nimekalia langu. Kabla sijakutumia ile vepu, mteja mmoja alikuwa amesharudisha ya kwake akisema inalowesha mfuko. Nikajiambia ni mzembe. Nilipokuuliza tarehe 15 kama inavuja, walikuwa wamefika watatu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka useme haivuji. Nilitaka oda ile, nilitaka na wewe uache sigara, nikataka yote mawili yawe kweli.

Basi sikiliza nilichokigundua. Haidondoshi. Inatoka jasho. Ikisimama wima haina neno, ila ikilala mahali pa joto, maji yanapenya chini ya podi, pale inapokutana na chuma, kidogokidogo kama pua ya mtoto. Huoni tone. Lakini ukiilaza juu ya karatasi nyeupe ya choo kwa saa mbili, utaona duara.

Wewe unailaza wapi? Tumboni, kwenye aproni, ndani ya chumba chenye mabirika yanayochemka. Na nini kimelala ubavuni pake?

Vikombe vitatu vya kwanza, umesema. Cha nne kidogo, cha tano hakuna. Mimi si mwonja chai, mimi nauza makava ya simu, lakini hata mimi najua kijiko kichafu kinajisafisha kwenye kikombe. Na kesho yake mkaanza na fungu lilelile, kijiko kikiwa kimetoka mfukoni sasa hivi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hata hawakutumia fumbo.

Fanya jaribio la karatasi leo. Usingoje kesho. Kuna mzee hana funguo.

Dada yako


31 Machi

Dada,

Nimefanya jaribio lako. Saa mbili kamili. Karatasi kavu.

Naomba usiniandikie tena habari za kijiko changu. Nimekaa kwenye meza ile miaka kumi na minne. Nimepata ukungu kwenye chai iliyopita mikono ya watu sita bila mmoja kuhisi. Nimetambua gunia lililolala karibu na mafuta ya taa usiku mmoja. Wewe umekaa na karatasi ya choo siku moja dukani umekuwa Bi Mkuu.

Mzee alikutwa na kopo. Sikulitia mimi. Kanuni ya ghala anaijua kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha nilipoanza, kwamba hata chungwa haliingii. Kama alitaka kujichua angeomba likizo ya magoti.

Watu hapa wamegawanyika. Wengine hawanisalimu. Wifi yako kutwa yuko kwa mke wa mzee, akirudi ananiangalia kama bili ya maji. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji ikipumua. Na wewe badala ya kunitia moyo unanitia kidole jichoni. Unasema ulinificha ili upate oda yako. Sasa unataka niangushe kazi yangu ili dhamiri yako ilale?

Acha.

Mdogo wako


2 Aprili

Kwa Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kukuandikia ghafla. Sikutaka kupiga simu kwa sababu simu inalala mezani na mwenyewe haendi mbali nayo siku hizi.

Wifi, nina jambo linaninyima usingizi na sina wa kumwambia. Jana nilifua aproni ya mume wangu. Kwa kawaida huifua mwenyewe kazini, ila safari hii aliisahau kwenye kiti. Nilipoitia kwenye maji ya moto, mvuke uliotoka ulikuwa ni mnanaa. Siyo kidogo, wifi. Mfuko wa mbele ulikuwa umeshika kiasi cha kunata. Nikaunusa tena na tena. Ni harufu ileile ya dawa ya mzee jirani yetu, yule mtunza ghala aliyesimamishwa.

Sasa nakuuliza, na Mungu anisamehe. Dawa ya mzee imefikaje kwenye mfuko wa mume wangu? Watu wanasema chai ilipakwa harufu makusudi. Wanasema kuna mtu anamtaka mzee aondoke. Mimi huwa nawafokea. Sasa nimeshika aproni mkononi na sina la kufoka.

Jana nilikuwa kwa mke wa mzee. Wameshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Mzee mwenyewe amekaa kibarazani, ameacha kujichua, magoti yamevimba hivi. Nikamwambia, "Baba, jichue, si uko nyumbani?" Akaniambia, "Hapana, mwanangu. Kama mumeo amesema ilinuka, basi ilinuka. Ulimi ule haudanganyi. Labda nilipitiwa siku hiyo, niliingia bila kupigwa na upepo. Mimi mwenyewe sikumbuki, lakini yeye ameonja." Wifi, anajilaumu mwenyewe. Anasema kwenye kikao atakubali kosa ili wasimsumbue mtu mwingine.

Wewe ndiye unayemjua tangu mdogo. Niambie kama ana roho ya kufanya jambo kama hilo. Kama ni hapana, nitaamini. Kama hujui, niambie hujui, nichukue watoto nije kwako.

Wifi yako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Soma barua iliyo ndani ya hii. Ni ya mke wako. Sikumwomba ruhusa ya kukutumia na nitamwomba radhi, lakini nataka uione kwa mwandiko wake.

Umemaliza? Basi tuendelee.

Mke wako anadhani wewe ni mtu wa kumpakazia mzee wa watu. Umemficha sigara moja, yeye ameona uchawi mzima. Na siwezi kumlaumu. Ukimnyima mtu ukweli mdogo, anajitengenezea mkubwa.

Nimempigia kwa simu ya jirani yenu. Nimemwambia kwa kiapo hukumwekea mzee kitu chochote. Akauliza, "Basi ile harufu?" Nikamwambia hilo atajibiwa na mumewe, kabla ya tarehe tisa. Akasema, "Sawa, wifi. Nitahesabu siku."

Karatasi kavu, unasema. Nimelaza vepu tano hapa kaunta, kutoka maboksi matatu tofauti. Zote tano zimeacha duara. Ya kwako ndiyo peke yake duniani isiyotoka jasho? Na mfuko wa aproni yako umenata kwa machozi? Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na wewe umeifupisha zaidi kwa kusahau aproni kwenye kiti.

Oda nimeikataa. Msambazaji amenitukana hadi jasho likamtoka na yeye. Sikufanya hivyo ili unisifu. Nimefanya kwa sababu mteja wangu akiniuliza kama inafaa kwa kila siku, sasa ninalo jibu.

Nimeandika barua kwa Bi Mkuu pia. Iko hapa, nimeibana chini ya tofali la kaunta. Basi la mwisho la vifurushi kabla ya kikao linaondoka Jumanne tarehe 8. Sitaki kuituma. Ikitoka kwangu mzee atasalimika, na wewe utakuwa mtu aliyekamatwa. Ikitoka kwako ni jambo jingine.

Nakupenda. Ndiyo maana nimekasirika namna hii.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Barua zote mbili nimezipata.

Usiitume. Usije. Sijui nitafanya nini, lakini usiitume.

Mdogo wako


11 Aprili

Dada,

Tunahamia kwako kwa muda, kama utatupokea. Nyumba tumepewa mpaka mwisho wa mwezi. Wifi yako anafunga vyombo, na maboksi ameyaomba kwa mke wa mzee, maana wao wanafungua. Haongei nami ila ya lazima: kamba iko wapi, shika hapa. Nilimwambia yote tarehe 8 jioni, sigara na vepu na kijiko. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: kwa nini alilazimika kuyajua kwa kufua.

Kwanza nimalize kazi uliyonipa, maana nilikuahidi ukweli. Inafaa kwa mtu anayeiweka wima, mezani, anayeifuta chini ya podi kila anapojaza, na asiyefanya kazi ya kuonja wala kunusa wala kushika chakula cha watu. Haifai kwa mfuko. Na kitu kisichofaa mfukoni hakifai kwa kila siku, kwa sababu kila siku ya mtu imo mfukoni mwake. Ulifanya vizuri kuikataa. Nimeitupa, na sigara sijarudia. Leo ni siku ya tatu bila chochote.

Karatasi haikuwa kavu. Ilikuwa na duara kubwa kama sarafu. Nilikudanganya.

Sasa kikao. Tulikuwa wanne: Bi Mkuu, meneja, mzee na mimi. Mzee alivaa koti. Alikuwa na karatasi mkononi, ameshaandika kwamba anakubali. Kabla hajasoma nikaomba nafasi. Nikaomba fungu la kumi na nne lichemshwe upya, vikombe sita. Nikamwomba Bi Mkuu, mafua yameshamwisha, aonje vitatu kwa kijiko chake. Safi. Nikachomoa kijiko changu mfukoni, kilikuwa kimelala na ile vepu tangu jana yake, nikampa. Ni mara ya kwanza kwenye chumba kile mtu kumpa mwenzake kijiko. Alionja, akatema kabla sijamaliza kuhesabu moja. Akaniangalia. Nikaiweka vepu mezani nikaeleza.

Dada, sikutegemea kilichofuata. Meneja alicheka. Alishusha pumzi akasema, "Kumbe ajali tu! Chai yetu ni nzima!" Alikuwa na furaha, fungu zima limeokoka. Bi Mkuu akasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kuvuta umevunja kanuni, hilo tutalizungumza. Lakini kukosea, kila mwonja hukosea. Bila shaka umegundua juzi tu." Aliniwekea mlango wazi kabisa, nilichotakiwa ni kupita. Onyo, mwezi mmoja nje ya meza, nirudi. Niliona jinsi ambavyo ingekuwa. Hata wewe ungeamini, maana barua yako ya tarehe 27 ingekuwa shahidi kwamba wewe ndiye uliyenifumbua macho.

Mzee akakunja ile karatasi yake mara mbili, akaniuliza, si kwa ukali, kama anavyouliza gunia limetoka wapi: "Ulijua lini?"

Nikasema, "Tarehe kumi na tisa."

Meneja akaacha kucheka. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza hapo sitasema tena. Ile Jumatano, mara ya pili, kijiko cha kwanza kilipofika ulimini niliitambua ile ladha. Haikuwa mnanaa wa majani wala wa dawa ya kuchua, huo una kafuri ndani yake. Ilikuwa mnanaa wenye utamu wa chupa yako, dada, niliokuwa nimeuvuta robo saa nyuma. Ulimi wangu haukukosea. Ulinitajia kabisa. Na mimi, meneja akiwa amesimama pale na Bi Mkuu akinisubiri, nilisema "ghalani", kwa sababu ghala lilikuwa mbali na mimi nilikuwa karibu. Kisha nikarudi nyumbani nikala nikashiba. Tarehe 20 wakamnyang'anya funguo nami nikiwa dirishani. Nimekaa na jambo hilo siku ishirini na mbili, na nimekuandikia wewe barua za hasira juu yake.

Naona aibu, dada.

Bi Mkuu alinyoosha mkono nikavua aproni nikampa; kijiko alikuwa nacho tayari. Meneja akazisogeza funguo mezani upande wa mzee na kumwomba radhi kwa niaba ya kampuni, maneno mengi. Mzee hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, na aliposema alisema polepole. "Mwanangu, nimemwambia mke wangu ni mimi. Nimewaambia watoto wangu ni mimi. Nimeanza na kusahau siku ile ilivyokuwa, nikaamini kwamba ni mimi. Kwa sababu ulisema wewe."

Akachukua funguo, akazipitia moja moja kwa kidole kuona kama zimetimia, akasimama kwa kushika meza, maana magoti bado. Nilinyoosha mkono. Alinipita akaenda kufungua ghala.

Mdogo wako